Mbaazi Ukikosa Maua Husingizia Jua

Afisini mwangu chuoni mna kompyuta ya mezani iliyoundwa mwaka 2008. Wanafunzi waliolelewa na vitabu vya Kiswahili vya shule huiita tarakilishi. Wenye mzaha huiita ajuza. Kasha lake limepauka, feni yake hunguruma kama kinu cha kusagia mahindi, na mfumo unaoiendesha ni Windows XP, ambao kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Haijaunganishwa na intaneti, wala haina haja hiyo. Kazi yake ni moja tu. Humo mna rekodi za sauti za wazee wa Lamu na Pate nilizokusanya nilipokuwa mwanafunzi wa uzamifu, na programu niliyoitumia kuzinukuu, ambayo haikubali kufanya kazi katika mifumo iliyokuja baadaye. Baadhi ya wazee hao wametangulia mbele ya haki. Sauti zao hazirekodiki tena.

Majuma machache yaliyopita kompyuta hiyo iligoma. Nitalieleza tukio hilo hatua kwa hatua, si kwa kuwa msomaji ana haja na maisha ya mashine yangu, bali kwa sababu namna tulivyokitafuta chanzo cha kosa, na namna tulivyokaribia kukikosa, inafanana mno na namna tunavyojadili mambo mazito ya elimu katika nchi hii.

Chanzo cha yote ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10 uliotoka mwaka 2015. Kama ilivyokuwa katika afisi nyingi, hofu iliingia idarani kwetu, na fundi mmoja kijana akaletwa kuzipitia mashine zote. Ajuza wangu hakuhusika, maadamu hakuwa na Windows 10. Hata hivyo, fundi aliona kwamba mtengenezaji wake aliwahi kutoa famuwea mpya zaidi ya ile iliyokuwamo. Akaichomoa kompyuta, akaipeleka karakanani kwake, akatia famuwea hiyo kwa kutumia diski ya mfukoni, akaona ujumbe kwamba kazi imefaulu, akairudisha. Nilipoiwasha, nembo ya XP ilijitokeza kwa nukta chache, kisha skrini ikageuka buluu, kisha mashine ikajiwasha upya, na mzunguko huo ukaendelea bila kikomo.

Yafaa nieleze famuwea ni nini. Neno hili liliasisiwa na Mmarekani Ascher Opler mwaka 1967, ili kutaja kitu kilicho baina ya vyuma vya kompyuta na programu zake. Ni maagizo yaliyotiwa katika chipu ya mashine yenyewe, nayo ndiyo ya kwanza kuamka umeme unapofika. Huhesabu viungo vya mwili wa kompyuta, hukagua kumbukumbu, huitafuta diski, kisha huukabidhi mfumo mkuu usukani. Katika kompyuta za mezani za zama hizo famuwea hii huitwa BIOS. Zamani maagizo hayo yalichomwa ndani ya chipu moja kwa moja, hayabadiliki. Katika miaka ya tisini zilienea chipu zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipopata uwezo wa kuibadilisha famuwea ya mashine yake, na pia uwezo wa kuiua.

Turudi kwenye kisa. Fundi alikuja, akatazama skrini ya buluu, akatoa hukumu mbili kwa pumzi moja. "Daktari, famuwea hii mpya ni mbovu, turudishe ile ya zamani. Ikikataa, basi diski imekufa. Tutaifuta au tutanunua nyingine, tuanze upya."

Nilimwomba anipe muda. Sikuwa na ujuzi kumshinda, ila niliziona hatari mbili katika maneno yake. Kwanza, kuandika upya chipu ya famuwea ni kazi isiyovumilia kukatizwa. Umeme ukipotea katikati, na sote twaujua umeme wetu, mashine huweza kubaki jiwe. Pili, kuifuta diski ni kuzifuta sauti za wafu. Na hapa sina budi kukiri aibu yangu. Rekodi zenyewe nilikuwa nimezinakili mahali pengine, lakini kazi ya miaka mitatu ya kuzinukuu na kuzifafanua nilikuwa nimeiacha humo humo, nikijiambia kila muhula kwamba nitainakili muhula ujao. Mwalimu anayewahimiza wanafunzi waweke nakala mbili za tasnifu zao hakuwa na hata moja ya kwake.

Basi nikaanza na kazi ninayoijua, yaani kusoma. Skrini ya buluu huwatisha watu hadi wakasahau kwamba ina maandishi. Hii ilikuwa na msimbo unaoishia kwa 7B, na maana yake, ukiieleza kwa Kiswahili, ni kwamba chombo cha kuwashia mfumo hakifikiki. Hakifikiki, haikusemwa kimekufa. Kila Mkenya mwenye simu amewahi kuambiwa na sauti ya bibi asiyemjua kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Hakuna aangushaye kilio na kutandaza matanga kwa sababu hiyo. Twajua huenda mteja yuko bondeni pasipo mtandao, au simu yake imezimika. Fundi wangu alikuwa ametafsiri 'kutofikika' kuwa 'kufa', na kwa tafsiri hiyo moja angeitupa diski nzima.

Dai hilo lilipimika kwa urahisi. Tuliitoa diski, tukaiunganisha kwa waya na kompyuta nyingine, na faili zote zikajitokeza, moja baada ya nyingine, kama abiria washukao matatu. Kabla ya kufanya lolote jingine tulizinakili zote mara mbili. Kuanzia saa ile, lililobaki lilikuwa fumbo tu. Msiba ulikuwa umeondoka.

Tuliporudisha diski mahali pake tuliingia katika ukurasa wa mipangilio ya BIOS, ambao hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani punde mashine inapowashwa. Hapo palikuwa na dalili mbili. Ya kwanza: saa ya kompyuta ilidai kwamba ilikuwa tarehe 1 Januari 2008. Ya pili: mpangilio wa diski ulikuwa ule wa kiwandani, uitwao AHCI. Windows XP haikuzaliwa ikiujua utaratibu huo, na yeyote aliyeiweka XP katika mashine hii hapo awali alilazimika kugeuza mpangilio uwe wa IDE, utaratibu wa kale. Sasa mpangilio ulikuwa umerudi kwenye asili yake, na mfumo na diski vikawa vinazungumza lahaja mbili zisizoelewana. Tuliugeuza kuwa IDE, tukahifadhi, tukawasha. XP ikafunguka kana kwamba haijawahi kuugua.

Fundi alitabasamu. "Si nilikwambia, Daktari? Famuwea mpya ndiyo iliyovuruga mipangilio."

Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, na wengi wangeishia hapo. Ni kweli kwamba kubadilisha famuwea aghalabu hurudisha mipangilio ya kiwandani. Lakini ile tarehe ya mwaka 2008 ilinikera. Katika kompyuta za aina hii, saa na mipangilio hutunzwa na sehemu ndogo ya kumbukumbu inayohitaji umeme wakati wote. Mtindo huo ulienea kuanzia kompyuta ya IBM iliyoitwa AT, ya mwaka 1984. Waya ukiwa umechomekwa ukutani, umeme kidogo huendelea kupita hata mashine ikiwa imezimwa. Ukichomolewa, mzigo wote huangukia betri ndogo ya duara iliyo ndani, mfano wa kitufe cha koti. Jina lake ni CR2032, na mwanaisimu hulisoma jina hilo kwa raha, kwani kila mofimu yake ina maana: 20 ni kipenyo kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2.

Kwa hiyo tulikuwa na dalili moja yenye uwezekano wa vyanzo viwili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hulijua tatizo hili kwa neno 'paa'. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba; paa ni mnyama wa mwituni; paa ni kitendo cha kwenda juu, na paa ni kumwondolea samaki magamba. Neno likisimama peke yake huwezi kuapa ni lipi kati ya hayo. Huna budi kulitia katika sentensi. Dalili ya ugonjwa wa mashine nayo ni hivyo hivyo. Mipangilio iliyopotea yaweza kumaanisha famuwea iliyoifuta mara moja, au betri iliyokufa inayoipoteza kila mara.

Fonolojia hutufunza dawa yake. Tukitaka kujua kama sauti mbili ni fonimu tofauti, twatafuta jozi ya mlinganuo finyu, kama vile 'pata' na 'bata': kila kitu kibaki vile vile, kibadilike kimoja tu. Nilimwomba fundi tufanye jaribio la namna hiyo. Tuliizima kompyuta bila kuichomoa, tukaiwasha: ikafunguka. Tukaizima tena, safari hii tukachomoa waya, tukaenda kula. Tuliporudi tukaichomeka, tukaiwasha. Skrini ya buluu. Saa ikasema 1 Januari 2008.

Katika muda ule wa chakula cha mchana hakuna mtu aliyetia famuwea yoyote.

Tulinunua betri mpya kwa bei isiyozidi ya hicho chakula tulichokula. Tukaitia, tukarekebisha saa na mpangilio wa diski, kisha tukaiacha mashine imechomolewa kwa siku mbili. Ilipowashwa ilifunguka mara ya kwanza, saa yake ikiwa sahihi, na famuwea mpya ikiwa ile ile iliyotukanwa. Mshtakiwa akaachiliwa huru.

Mbona basi betri iliyokufa haikututia mashakani hapo kabla? Kwa sababu kompyuta hiyo ilichomekwa kwenye kifaa cha umeme wa akiba, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuichomoa. Umeme wa ukutani ulikuwa umelisitiri kosa. Siku ilipochomolewa ili ipelekwe karakanani, mipangilio ilipotea hapo hapo, kabla hata famuwea mpya haijaguswa. Naye fundi hakuweza kulitambua hilo, kwa kuwa aliiwasha kwa diski yake ya mfukoni, hakuuwasha kwanza mfumo wenyewe aone kama ni mzima. Aliuona mwisho wa kisa tu, akamkamata aliyekuwa karibu.

Mgala muue na haki mpe. Zipo nyakati ambazo famuwea imekuwa na hatia kweli, au imekuwa mhanga. Tarehe 26 Aprili 1999, kirusi kilichoitwa CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, kiliamka katika kompyuta nyingi duniani na kuandika takataka juu ya famuwea za baadhi yake. Hazikuwaka tena mpaka chipu ibadilishwe au iandikwe upya. Mwaka 2001, famuwea mpya za kampuni ya Apple zilianza kuzikataa baadhi ya kadi za kumbukumbu ambazo wenye mashine walikuwa wakizitumia bila shida. Wateja waliilaumu famuwea. Kampuni ilizilaumu kadi, kwamba hazikufikia viwango vilivyowekwa. Nayo tarehe 19 Julai 2024 tuliona sasisho moja la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike likiangusha mashine zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5, likatatiza viwanja vya ndege na hospitali katika nchi nyingi. Hilo halikuwa famuwea, lakini skrini ilikuwa ile ile ya buluu, na kwa mashine nyingi dawa ilikuwa mtu kwenda kwa miguu hadi ilipo kompyuta na kuifungua kwa mkono wake.

Sidai basi kwamba kipya hakina kosa. Ninachodai ni kwamba ukaribu wa matukio mawili hautoshi kuwa ushahidi. Jogoo huwika, kisha kukacha. Hakuna asemaye jogoo ndiye aliyelileta jua.

Suala hili lina uzito wa fedha na wa haki wakati huu. Tangu Oktoba 2025 nimesikia walimu kadhaa wakielezwa kwamba kompyuta za shule zao zimekwisha. Windows 11 hudai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine isiyoionyesha hukataliwa. Lakini ziko kompyuta ambazo uwezo huo zinao, ila umezimwa katika ule ule ukurasa wa mipangilio niliouelezea. Kuuwasha ni kazi ya dakika chache. Ziko nyingine ambazo kweli hazifai kwa mfumo huo, lakini zinaweza kuendeshwa na Linux, ambayo hailipiwi, na zikamfunza mtoto kuandika, kuhesabu na kupanga programu kwa miaka mingine mitano. Na ziko zilizokufa kikweli. Ni nani katika shule zetu aliyefunzwa kuyatenga makundi hayo matatu? Asipokuwapo, yote matatu yatawekwa katika ghala moja, na bodi ya shule itaombwa fedha za kununua mapya, huku wazazi wakiwa bado wanadaiwa karo. Sheria yetu ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka huzungumzia wajibu wa watengenezaji juu ya bidhaa zao hata zinapogeuka taka. Ni vyema. Ila taka iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo haikupaswa kuwa taka.

Mpango wa serikali wa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, ulioanza kugawa vifaa mwaka 2016, ulihesabiwa hadharani kwa idadi ya vifaa vilivyofikishwa. Kuhesabu kilichofikishwa ni kuzuri. Lakini kifaa hakiishi kwa kufikishwa. Huishi kwa kutunzwa. Napendekeza kila kompyuta ya shule iwe na daftari lake, kama mgonjwa awavyo na kadi ya kliniki: tarehe ya kila badiliko, nani aliyelifanya, na picha ya mipangilio iliyopigwa kwa simu kabla ya jambo lolote kuguswa. Fundi wangu angekuwa na picha moja tu ya ukurasa ule, fumbo letu lingetatuliwa kabla ya chai. Watengenezaji nao wasiondoe katika hazina zao famuwea na vitabu vya maelezo vya mashine za kale, kwani mashine ambayo kwao ni masalio, kwetu ni maktaba.

Na sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Wakati fundi akilaumu famuwea, nilijisikia kana kwamba niko katika mkutano wa walimu. Mwanafunzi wa sekondari akishindwa kusoma kwa ufasaha, twamlaumu mwalimu wa mwisho aliyemfunza. Na tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, kila upungufu wa mtoto umekuwa wake, ilhali wengine nao hudai kwamba kila upungufu ni urithi wa 8-4-4 iliyoanza mwaka 1985. Pande zote mbili zaweza kuwa na haki kwa sehemu. Lakini nani kati yetu aliyeipima mashine kabla ya kubadilisha famuwea? Nani aliyeandika mtoto alikuwa anaweza nini kabla ya badiliko, ili tujue badiliko limempa nini na limemnyang'anya nini? Huenda betri ilikufa zamani: darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi, nyumba isiyo na kitabu, mwalimu asiyepata mafunzo tangu aajiriwe. Miaka yote hiyo umeme wa ukutani, yaani juhudi za mzazi mmoja au mwalimu mmoja, ulilisitiri kosa. Mtaala mpya ulipokuja ulichomoa waya, nasi tukaona giza.

Kwa wanafunzi wanaosoma safu hii nina ombi. Msiridhike kuwa watumiaji wa mashine wanaojua mahali pa kubonyeza tu. Mashine ikigoma, isomeni inasema nini, neno kwa neno, kabla ya kuuliza inagharimu kiasi gani. Ulizeni ni lini ilipoonekana nzima mara ya mwisho, na nini kingine kilibadilika tangu hapo. Nakilini kilicho na thamani. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati, na mkipata jibu linalopendeza, lijaribuni mara moja zaidi, maana jibu linalopendeza ndilo lipotoshalo kuliko yote.

Fundi wangu, nimpe haki yake, hakukasirika. Aliichukua ile betri iliyokufa akaitia mfukoni. Nilipomuuliza ya nini, alisema ataibandika ukutani karakanani, juu ya meza yake ya kazi, ili kila mteja ajaye akilaumu famuwea aionyeshwe kwanza. Nami jioni hiyo nilifungua rekodi moja ya mwaka 2009. Bibi mmoja wa Pate, ambaye sasa hayupo, alikuwa akinieleza majina ya sehemu za jahazi, akanikatiza nilipolitamka moja vibaya. Akanirudisha, akanisahihisha, kisha akangoja nilitamke tena.